Treni Mbili Kwenye Njia ya Papa Kabange

Nadège, wewe na wenzako mlinipa kiti cha plastiki chenye mikono siku ya kuniaga, mkasema sasa nikae nipumzike. Kabla sijakikalia vizuri mkaniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Basi nimekaa, naandika, na kiti kinanibana kidogo upande wa kushoto. Silalamiki, nasema tu.

Kwa wale walioingia juzi, mimi ni Maman Léontine. Siku za kazi nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya usafirishaji hapa Lubumbashi. Jumamosi, na siku nyingine nyingi ambazo mume wangu aliziita Jumamosi za uongo, nilikuwa miongoni mwa watu wa kujitolea wanaoandika Mizani, programu ya bure inayosaidia zahanati ndogo kuandikisha wagonjwa, kukadiria dawa kwa uzito wa mtoto na kukumbuka chanjo. Kuhusu mishahara nitamaliza yote hapa: haikuwepo. Kuhusu vyeo, nilianzia benchi la karibu na mlango nikaishia benchi la karibu na feni, na feni ilikuwa imekufa.

Mlitaka kujua tulivyohama kutoka mfumo wa zamani wa kutunza matoleo ya programu hadi huu wa sasa, na jinsi mashine ilivyoanza kujikagua yenyewe. Mambo hayo yameandikwa kwenye nyaraka zetu kwa maneno makavu, mnaweza kuyasoma mkikosa usingizi. Kisichoandikwa ni kwamba katika kuhama huko tulikaribia kumpoteza Papa Kabange, mtu aliyeianzisha Mizani. Halafu kuna lile swali lenu jingine, mnaloniuliza huku mkitazamana: kwa nini mimi, mstaafu mzima, bado natuma mabadiliko kila Jumamosi, na mabadiliko yenyewe ni nafasi moja tupu, ambayo Jumamosi inayofuata naiondoa? Najua mnadhani uzee umenifika vidoleni. Subirini kidogo.

Siku yangu ya kwanza niliingia kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa la paroisse, kule Katuba, nimebeba vyeti vyangu vyote katika bahasha ya plastiki. Papa Kabange hakuvitazama. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama peke yake. Aliniuliza swali moja.

— Weye unajua kungojea?

— Kungojea nini, Papa?

— Courant. Bantu. Zamu yako. Kama unajua kungojea, ikala. Ile mingine tutakufundisha.

Nilikaa. Umeme ulirudi mchana, na kufikia hapo nilikuwa nimeshajua habari zake zote. Alikuwa amestaafu chemin de fer, shirika la reli, alikokuwa mkuu wa stesheni ndogo huko kaskazini ya Katanga, na kompyuta alijifunza siku shirika lilipoleta moja ofisini na wenzake wote wakaiogopa. Jina lake lilikuwa limeshanieleza jambo jingine. Kwetu mapacha hawatafutiwi majina: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Kwa hiyo huyu mzee alianza kungojea zamu yake tumboni mwa mama.

Utaratibu wetu wote aliutoa relini. Kule kwenye njia ya reli moja, alitueleza, treni haiingii kipande cha kati ya stesheni mbili mpaka dereva awe ameshika fimbo ya kipande hicho, ile wanayoiita bâton. Fimbo ni moja tu. Asiyenayo anasimama, hata kama amebeba waziri.

— Bâton moja, train moja, alisema. Njo vile bantu banafika ku nyumba.

Mwanzoni fimbo yetu ilikuwa flash nyekundu, aliyoitunza ndani ya mfuko wa rozari. Mwenye flash ndiye mwenye haki ya kugusa programu, wengine tunakunywa chai. Baadaye tukaweka SVN kwenye kompyuta moja kuukuu chini ya kabati la makanzu ya kwaya. Mfumo ule ulitunza kila toleo mahali pamoja, na ulikuwa na kufuli: ukitaka kubadilisha faili unaifunga, na mpaka uifungue hakuna mwingine anayeigusa. Papa Kabange alipoiona ile kufuli alifurahi kabisa. Alisema waliotengeneza kitu hiki lazima walikuwa watu wa reli.

Kukagua nako kulikuwa kwake. Hakuna lililotoka kwenda zahanati kabla hajalijaribu kwa mkono, Jumamosi, mbele yetu sote. Na hakujaribu kwa kubonyeza tu, alicheza mchezo mzima. Alijifunga kitenge cha mmoja wetu kiunoni, akawa Maman wa Kasenga, mwuza samaki, aliyekuja zahanati na mapacha wake.

— Docteur, batoto bangu beko na moto! alilia kwa sauti nyembamba, huku anaandika jina la Kyungu, kisha la Kabange, kisha uzito wa kila mmoja. — Na huyu? Huyu munamuacha? Angalia muzuri, Docteur, beko babili!

Tulicheka mpaka katekista akaja kugonga dirisha. Siku zote alianza na mapacha. Baada yao walifuata mzee asiyejua mwaka aliozaliwa, mama mwenye jina refu kuliko nafasi ya skrini, na mtoto aliyekataa kupanda mizani. Lakini mapacha kwanza. Tulidhani ni kujisifu kwake tu, kwa kuwa na yeye ni pacha.

Sasa niwaletee Trésor. Nyinyi mnamjua kama Papa Trésor mwenye tumbo na ushauri, lakini wakati ule alikuwa kijana mwembamba, déclarant, wakala wa forodha, kule mpakani Kasumbalesa. Huko malori hupanga foleni mpaka madereva wanafuliana nguo. Trésor aliandika programu akiwa amekaa kwenye kivuli cha lori la mtu, kompyuta mapajani, na kusema kweli aliandika vizuri kuliko sisi sote. Siku moja aliifunga faili ya chanjo ili aitengeneze. Siku iliyofuata mjomba wake alifariki Kasenga, naye akaenda matanga na kufuli yake.

Kasenga ya wakati ule simu ilishika ukipanda juu ya kitu. Trésor alikuwa na msiba, hakuwa na muda wa kupanda. Huku nyuma ratiba ya chanjo ilibadilika, zahanati zikatuomba marekebisho, na faili imefungwa. Papa Kabange alikuwa na uwezo wa kuivunja ile kufuli. Nilimwomba mwenyewe.

— Maman Léontine, mwenye bâton hayafika ku gare, alinijibu.

— Papa, mwenye bâton iko ku matanga!

— Basi tumuombee marehemu. Na tungojee.

Tulingoja. Manesi walisahihisha kwa kalamu, pembeni mwa skrini zao, kwenye vipande vya plasta. Trésor aliporudi alituletea samaki wakavu, akaomba msamaha, na kabla hatujamaliza kutoa miiba kwenye meno akatuletea habari ya git. Huu ndio mfumo mnaoutumia leo. Kila mtu ana nakala nzima nyumbani kwake, anabadilisha anachotaka wakati anaotaka, kisha kazi za watu zinaunganishwa.

— Donc, train mbili ku njia moja, Papa Kabange alisema.

— Hata kumi, Papa.

— Na zikikutana?

— Zikigongana, programu inatuambia kama kuko conflit.

— Hata ku chemin de fer balikuwa banatuambia, Papa Kabange alisema. Nyuma ya kuzika.

Tulibishana Jumamosi nyingi. Mwisho tulipiga kura na git ikashinda, nami nilikuwa katika walioipa kura. Papa Kabange hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alihamia benchi la mlangoni, akaanza kuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Ukimwuliza neno anajibu, kidevu kikielekea kwa Trésor:

— Miye niko passager. Muulize chauffeur.

Bado alikagua. Lakini sasa kazi iliingia kila siku, kutoka Kasumbalesa, kutoka kwangu, kutoka kwa Clarisse, muuguzi aliyeandika sehemu ya akina mama. Jumamosi Papa Kabange alijifunga kitenge, akawalilia mapacha wake mpaka mwisho, na alipovua miwani Trésor alimwambia kwa upole kwamba toleo alilokagua limeshapitwa. Mzee alikuwa anaikagua treni iliyokwisha kuondoka. Niliona aibu kumtazama.

Ndipo Trésor akaleta wazo la pili. Tuandike majaribio yanayojiendesha yenyewe: kila mtu akituma kazi, mashine iikague kabla haijaungana na nyingine. Alilieleza vizuri sana, kwa dakika nyingi, akitumia neno automatisation mpaka likachakaa. Halafu, kwa moyo mweupe, akamaliza hivi:

— Na Papa atapumzika.

Jumamosi iliyofuata benchi la mlangoni lilikuwa tupu. Na iliyofuata. Nilimpigia simu, akasema yuko shambani kwake Annexe, pembezoni mwa mji, mahindi yanamhitaji. Nilimtumia ujumbe kumwambia tunamkosa, akanijibu kwa picha ya kabichi. Ilikuwa kabichi nzuri, lakini nililia kidogo, maana niliyoyajua katika kazi hii yule mzee ndiye aliyenipa, na sikujua nitamrudishaje. Mizani ilikuwa mali yake. Sisi tulikuwa tumemshusha njiani na kumshukuru kwa safari.

Wakati huo manesi walikuwa wanalalamika kwamba mtoto mmoja anaandikishwa mara mbili, leo na nesi wa asubuhi, kesho na nesi wa jioni, kila mmoja akimwandika jina kwa namna yake. Trésor akaandika kanuni ya kuondoa waliorudiwa: wakifanana mama na uzito wa kuzaliwa, ni mtoto mmoja. Haikuwa mbaya sana. Clarisse naye, bila kujua, alibadilisha sehemu yake ili zahanati isiyo na uzito wa kuzaliwa iweke tarehe ya kuzaliwa mahali pake. Hiyo nayo haikuwa mbaya. Mashine ikaziunganisha kazi zao bila kulalamika, kwa sababu hawakugusa mstari uleule. Majaribio tuliyokuwa tumeanza kuyaandika yote yakapita. Yalikuwa machache, na mengi yalikagua kama kitufe kipo mahali pake. Toleo likatoka.

Nesi mmoja wa zahanati ya njia ya Kasenga ndiye aliyetupigia.

— Programu yenu inakula batoto, alisema, bila hata salamu.

Mama mmoja alikuwa ameleta mapacha kwa chanjo. Wa kwanza alichanjwa. Wa pili alipofika mezani, skrini ilisema amekwisha kupata, arudi nyumbani. Mama mmoja, tarehe moja, basi mtoto mmoja.

— Na ulifanya nini, Maman? nilimwuliza.

— Nilimupatia. Machine inaona mutoto moja, miye minaona babili. Miye njo niko na macho.

Nilimshukuru mpaka akachoka. Kisha nikamtazama Trésor, yeye akatazama sakafu. Wote wawili tulikuwa tunaisikia sauti ile nyembamba: angalia muzuri, Docteur, beko babili.

Tulikwenda Annexe kesho yake. Tulimkuta Papa Kabange kati ya matuta ya viazi, amevaa suruali ya abacost iliyopandishwa mpaka magotini, nayo ina mkunjo wa pasi bado. Alitusalimia kwa heshima zote, akamwuliza Trésor habari za chauffeur. Trésor akaeleza yote, bila automatisation hata moja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

— Nani njo alipotea? aliuliza. Kyungu ao Kabange?

— Kabange, Papa.

Papa Kabange aliangusha jembe, akacheka mpaka ikabidi akae juu ya tuta.

— Toka kuzaliwa! alisema. Ku masomo, sista alikuwa anagawa mukate. Akifika kwangu: weye nilishakupatia, toka hapa! Alimupatia Kyungu! Tulifanana sana. Miye ninalia, Kyungu anakula.

— Na Kyungu hakusema kitu? niliuliza.

— Alikuwa anakata mukate katikati, ananipatia nusu. Mais kwanza anakula kidogo ya yangu, ju ya kuhakikisha kama iko muzuri.

Alijifuta macho kwa kiganja. Kyungu alikuwa amefariki wakiwa bado vijana, na siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia akimtaja kama mtu wa kweli. Miaka yote tulicheka kile kitenge na ile sauti, na hakuna aliyeuliza kwa nini mapacha wanatangulia. Nilimpenda zaidi pale penye viazi kuliko siku yoyote.

— Papa, Trésor alisema, miye sikutaka utoke. Nilitaka usichoke.

— Weye ulisema kupumzika. Ku chemin de fer, bakikuambia upumzike, banachukua casquette yako.

Kuku wa jirani alipita akatukagua. Mwisho Papa Kabange aliokota jembe, akaliegemea.

— Hizi tests zenu, zinalalaka?

— Hazilalake, Papa. Mutu akituma kazi, zinaamuka, zinaangalia yote. Kama iko mubaya, inakuwa nyekundu, kazi haipite.

— Nyekundu.

— Ee, Papa.

— Na kama iko muzuri?

— Inakuwa kijani. Kazi inapita.

Mzee alimtazama Trésor kama mtu aliyelishwa ugali mbichi.

— Mais ile ni signal! Juu ya nini hukusema iko signal? Unanihubiria automatisation, automatisation, kumbe iko signal! Kama kuko signal, train mbili zinaweza kutembea! Hata kumi!

Ndivyo tulivyokubaliana, wapenzi wangu. Hatukuhitaji kura wala nyaraka. Tulihitaji kumwambia mtu wa reli kwamba kuna taa.

Jumamosi iliyofuata alirudi na casquette, ile kofia yake ya reli, kichwani, akakaa benchi la feni bila kumwomba mtu ruhusa. Yeye alisimulia, Trésor aliandika. Maman wa Kasenga akawa jaribio, mzee asiye na mwaka akawa jaribio, mtoto aliyekataa mizani akawa jaribio lililotusumbua kuliko yote. Kitenge kilivaliwa kila mara, kwa sababu Papa Kabange alisema bila kitenge anasahau dalili. Kanuni ya Trésor iliwashiwa taa nyekundu siku hiyohiyo, na Trésor mwenyewe alipiga makofi. Baada ya hapo tulikataliwa kazi mara nyingi kuliko wakati wowote wa fimbo. Ukimlalamikia mzee, anainua mikono:

— Si miye. Ni signal.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu. Alitaka mashine ikimaliza kuwakagua mapacha iseme. Trésor alimweleza kwamba ulimwenguni kote jaribio likipita linanyamaza, kelele ni za linaloanguka. Papa Kabange alimuuliza ni shule gani hiyo ambako mtoto akiitwa jina ananyamaza.

— Mutoto akiitwa, anaitika, alisema.

Trésor akaandika. Tukaendesha. Maneno yalipotokea kwenye skrini, Papa Kabange alivua casquette, akaiweka mapajani, akaomba iendeshwe tena. Tuliiendesha tena, na tena, mpaka umeme ukakatika.

Alitutoka msimu wa mvua uliopita, usingizini, nyumbani kwake. Wengi wenu hamkumwona. Mnaujua mkono wake tu, kwa sababu taa ikiwa nyekundu mnasema mzee amekataa, bila kujua mzee gani. Na wewe, Nadège, umependekeza tuondoe ile mistari miwili ya mapacha inayoandikwa mwishoni, kwa kuwa haikagui chochote na inachafua skrini. Umeandika vizuri na kwa adabu. Kiufundi uko sahihi kabisa.

Sasa nirudi kwenye ile nafasi yangu tupu. Najua naweza kuendesha majaribio nyumbani bila kutuma kitu, mimi ndiye niliyewafundisha. Lakini Papa Kabange asingekubali taa iwashwe bure, lazima treni ipite. Kwa hiyo Jumamosi, mume wangu akiwa amelala na redio yake, natoa kiti chenu nje kwenye baraza, naongeza nafasi moja au naiondoa, natuma. Nangoja, maana hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa katika kazi hii. Kisha taa inakuwa kijani, na mashine inaita majina.

Kyungu iko.

Kabange iko.